Shuka la Mfalme

Dada yangu alikuwa dobi wa mfalme kwa miaka kumi na tisa. Mimi pia ni dobi, ila wa watu wa kawaida. Kazi tulifundishwa na mama yetu, kwenye beseni moja. Yeye alikuwa na mkono mwepesi, mimi nina mdomo mwepesi. Ndiyo maana yeye alichukuliwa, mimi nikaachwa.

Kwetu mfalme na maji ni mwili mmoja. Akiwa mzima, visima vinajaa. Akiugua, maji yanapungua, na ugonjwa ukionekana lazima aondoke kitini, ukoo mwingine utoe mfalme. Kwa hiyo kila mwezi unapoandama, shuka alilolalia huanikwa uwanjani, na dobi wake husimama chini yake na kuapa: "Nimelifua kwa mikono yangu, sikuona damu wala usaha." Neno la dobi lilikuwa zito kuliko la waziri, maana waziri hafui.

Mwaka ule maji yakaanza kupungua. Mume wangu alikuwa mchimba visima, na kila wiki aliongeza kamba.

"Shemeji," alimwambia dada siku alipokuja kutusalimu, "huyo mtu wenu ni mzima kweli?"

"Mzima kuliko wewe na magoti yako."

"Magoti yangu hayakaushi visima."

Dada alicheka, lakini chai hakuimaliza.

Mwezi ulipoandama nilikwenda uwanjani. Shuka lilikuwa jeupe mno, watu wakapiga vigelegele. Mimi niliona mikunjo. Mistari minne iliyonyooka, ile ya shuka lililotoka dukani, ambayo haiishi mpaka liloweshwe. Shuka lile halikuwa limefuliwa. Hata kulaliwa halikuwa limelaliwa. Dada akaapa, macho yake yakakutana na yangu, akayainamisha.

Nilimfuata mpaka kwenye kamba zake za kuanikia.

"Lile lenyewe liko wapi?"

"Mdogo wangu, niache."

"Anakohoa damu?"

"Msimamizi wa nyumba ya mfalme amesema nikilionyesha, ukoo mzima unaanguka na mimi naanguka nao. Amesema atapona. Mwezi mmoja tu."

"Na visima?"

"Mwezi mmoja," alisema tena, akiendelea kubana vibanio kwenye kamba isiyo na nguo.

Nikanyamaza. Mimi, mwenye mdomo mwepesi. Ningesema, wangemburuta dada yangu mbele ya watu. Nikamwacha mume wangu aende kazini. Siku ya tisa alishuka kwenye kisima alichochimba baba yake, kutafuta maji yaliyokuwa yamefungwa kifuani mwa mtu mmoja aliyelala kitandani. Ukuta ukamfukia. Walimtoa baada ya siku mbili, amejaa vumbi. Hata tope hakuwa nalo.

Wiki iliyofuata mfalme akafa. Alipowekwa mwingine, maji yakapanda yenyewe, na kisima kile kikajaa mpaka ukingoni. Msimamizi akatangaza uwanjani kwamba dobi aliwadanganya wote. Yeye hadi leo yuko palepale, anamsimamia mfalme mpya.

Dada alikuja mlangoni kwangu na beseni lake kichwani. Sikumkaribisha, sikumfukuza. Nilimwonyesha chumba cha nyuma. Kwa miaka sita tulifua pamoja tukizungumza habari za sabuni na jua, basi.

Mwaka huu naye akaanza kukohoa. Shuka lake alilificha chini ya godoro, akidhani sijui. Siku moja tukikamua blanketi, yeye huku na mimi kule, akasema, "Shemeji aliniuliza, nikamjibu kwa mzaha."

Nilizidi kukamua mpaka tone la mwisho. Laiti ningesema chochote, hata tusi.

Alipofariki, majirani wakataka kulifua shuka lake, ndiyo heshima. Nikawanyang'anya. Nikalibeba mpaka uwanjani, nikalitundika kwenye kamba ya mfalme na damu yake yote, nikasimama chini yake mchana kutwa. Watu walipita wakitazama chini. Walijua ni la nani.

Alasiri msimamizi akaja na fimbo yake.

"Nani kaanika uchafu hapa?"

"Dobi wa mfalme," nilimwambia. "Na hili limelaliwa."