Mfungo wa Shemasi Ruffin

Mti wa kuanikia samaki ulipomchoma mumewe, Shemasi Ruffin, ubavuni kule Kisiwa cha Kilwa, katika Ziwa Mweru, Berthe alimshukuru Mungu kwa jinsi kidonda kilivyopona upesi. Kovu lilibaki dogo, chini ya mbavu za kushoto. Nani angejua kwamba ndani, kwenye ule ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo, tundu lilikuwa halijaziba?

Kifua chenyewe ndicho kilichosema. Jumapili moja kanisani kwao Nchelenge, watu wameinamisha vichwa, kimya kabisa, kifua cha Shemasi Ruffin kikanguruma. Waumini wakaitikia, “Amina!”

“Munganga, njala yangu iko mu kifua,” Ruffin alieleza hospitalini.

Daktari Ngosa, Mbemba wa Zambia ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia samaki, alicheka. Kisha akaweka kipimo kifuani, akasikiliza, na kicheko kikamkauka.

“Tumbo limepanda juu. Likijinyonga huko, utakufa. Kesho mchana tunakupasua. Ufunge.”

“Kufunga?” Ruffin akatuna. “Miye shemasi! Ni kazi yangu.”

Neno hilo nusura limuue. Kanisani kwao mfungo huisha saa sita mchana, na Berthe hakuwahi kumchelewesha mumewe. Kesho yake saa sita akaingia wodini na bukari ya moto, ugali wa kwao, na samaki wawili. Ruffin akala kishemasi, hakubakiza hata kichwa.

Daktari akakuta miiba ya samaki.

“Nilisema ufunge!”

“Nilifunga, Munganga. Nikafungua.”

Hapo hapo akajikunja, jasho likimtiririka. Wakampitishia mpira puani kutoa chakula, wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Berthe akabaki na sufuria mikononi. Nimemuua mwenyewe, aliwaza, tena nilitia na chumvi ya kutosha. Aliogopa mpaka akasahau kusali.

Walipomrudisha, Berthe akaweka sikio kifuani pake. Moyo tu, ukidunda taratibu. Kisha chini, ndani ya shuka, kitu kikanguruma kwa nguvu.

Ruffin akafumbua jicho moja. “Mama Noëlla, saa sita bado?”

“Nyamaza, Papa Noëlla. Utakula siku munganga atasema kula.”

“Unasikia njala yangu vile inalia?”

“Nasikia. Inalia fasi yake, mu tumbo,” Berthe akasema, machozi yakimdondokea mumewe tumboni. “Acha ilie.”