Kibao cha Shaba Kisimani kwa Mama

Msichana mmoja wa darasa langu, ambaye wazazi wake walihama kutoka Magharibi mwa Kenya wakapanga nyumba hapa Kitengela, aliniuliza kama ni kweli kwamba bila Wazungu tusingekuwa na ugali. Nilikuwa nimetoka tu kutangaza, kwa ile sauti yangu ambayo walimu wenzangu huilalamikia, kwamba wasafiri wa Ulaya hawakutuletea kitu cha maana. Darasa likangoja kuona nitatokaje. Nikamwambia ndiyo, mahindi yalitoka Amerika, yakavushwa bahari na merikebu za Wareno, na maharagwe vilevile, na hata tumbaku ambayo mama yangu anaisaga kuwa ugoro. Wakacheka. Nikacheka nao, lakini nilikuwa nimeudhika. Napenda hasira yangu iwe safi, na historia hainikubalii.

Ninafundisha historia. Kila mwaka nafika kwenye sura ya merikebu na wavumbuzi. Sura inaanza na wanaume waliotafuta njia ya kwenda kununua viungo vya chakula, inaishia na ramani ya Afrika iliyochorwa mistari. Katikati hapo ndipo kwetu. Shangazi yangu anaishi upande wa pili wa mpaka wa Namanga, na akitaka kuja kwenye sherehe ya ndugu yake mwenyewe anaulizwa kitambulisho na watu waliozaliwa juzi. Swala mdogo anayekula majani nyuma ya boma letu ana jina la Mzungu kwenye vitabu vyote vya wanyama, ingawa sisi tulikuwa na jina lake tangu tulipokuwa na macho. Hata shanga ninazovaa Jumapili kanisani, kioo chake kilianzia ng'ambo. Hilo silikatai. Lakini hakuna Mzungu aliyenifundisha rangi ipi inakaa karibu na ipi.

Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kususia kila kilichotoka nje. Ninakunywa chai yenye maziwa mengi na ninasali Biblia mkononi. Kilichonichemsha kilikuwa kibao.

Kisima chetu kiko ndani ya korongo, mwendo mfupi kutoka Bisil, huku kwetu Umaasaini. Walikichimba babu za baba yangu kwa mikono na vijiti vilivyochomwa ncha, na kila masika mafuriko yakikijaza mchanga, sisi tunakichimbua upya. Baba alipofariki, mama akabaki kuwa ndiye wa kuulizwa. Kila boma linalonywesha pale lina zamu yake, na hakuna anayeikatiza, awe na ng'ombe wengi namna gani. Mpita njia mwenye kiu anapewa maji ya kunywa bila kuhojiwa. Mwenye mifugo au msafara, huyo anasimama mbali, anasalimia, anaomba, anangoja aambiwe.

Sasa, kuna Mzungu mmoja wa karne ya kumi na tisa, enzi za malkia wa Uingereza, aliyepita pale na wapagazi wake, akaandika kitabu. Sitaandika jina lake. Alijiandika vya kutosha. Katika kitabu hicho anasema alikigundua kisima, akakipa jina la rafiki yake aliyekuwa akimlipia safari. Rafiki huyo, nadhani, hakuwahi kuona hata tone la maji yake.

Simu iliingia nikiwa nyumbani kwangu Noonkopir, hapa hapa Kitengela, nafua. Alikuwa kijana wa Nairobi, kiongozi wa watalii wa kampuni fulani. Alisema kuna kundi la Wazungu wanaotembea kwa miguu kufuata nyayo za yule msafiri, na wamekuja na kibao cha shaba, kinachosema yeye ndiye aliyekigundua kisima, cha kuwekwa kwenye jiwe lake.

"Madam, hii ni kitu kubwa sana kwenu," aliniambia. "Kibao ikishawekwa, wageni watakuwa wanakuja kila msimu. Tutazungushia seng'enge kidogo tu, ndio ng'ombe wasichafue. Nyinyi tutawajengea hori ingine huko chini karibu na barabara."

"Maji ya hilo hori lingine yatatoka wapi?" nikauliza.

"Hiyo tutaangalia."

Nilikaa juu ya beseni lililopinduliwa, povu likikauka mikononi. Hiyo tutaangalia! Watu wa Kitengela wananunua maji ya malori ya boza na ya mikokoteni ya punda, wanajua maana ya kuambiwa maji yataangaliwa. Nikampigia mama, nikamwambia kila kitu, nikamwambia akatae, tena akatae kwa simu kabla hawajafika. Nilijua ninachoogopa. Wakishamfikisha mama mbele ya kamera akavuta kitambaa kwenye kibao, picha hiyo ndiyo ingekuwa ushahidi kwamba wenyeji wamekubali, na baada ya picha inakuja seng'enge, na baada ya seng'enge ng'ombe wetu wangesimama nje wakinusa maji yao wenyewe.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Mgeni hakatazwi akiwa njiani," akasema. "Waje. Na wewe uje, unisemee."

Nilikasirika naye, nasema kweli. Hiyo adabu yetu ya kupokea kila anayefika ndiyo iliyotufikisha hapa, nikawaza. Tuliwapokea, wakaandika. Mume wangu, ambaye si wa kwetu na hujifanya mpatanishi, aliniambia nipunguze moto nisije nikamwaibisha mama yangu. Nikamwambia kama anataka baridi akakae kwenye friji.

Siku ile nilifika mapema. Nikainamisha kichwa, mama akaniwekea mkono utosini kama kawaida, akaniuliza hali ya watoto. Alikuwa amevaa vizuri. Hilo nalo likanitia wasiwasi, maana alionekana kama mtu aliyejiandaa kwa picha. Ng'ombe wa jirani walikuwa horini, zamu yao. Fundi wa mawe aliyeletwa na kampuni alikuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji, na kibao kimeegemezwa kwenye jiwe, kimefunikwa kitambaa chekundu.

Wakaja. Walikuwa wakitembea kwa miguu kweli, nyuso nyekundu kama nyanya, na magari yakiwafuata taratibu nyuma yakiwabebea chakula na viti na maji ya chupa. Yule msafiri wao, kwa ninavyojua, alibebewa na binadamu, kwa hiyo labda tumesonga mbele kidogo. Hawakusimama mbali. Walipita katikati ya ng'ombe moja kwa moja mpaka ukingoni, mmoja akainama akachota maji kwa kiganja huku mwenzake akimpiga picha. Ng'ombe wakarudi nyuma. Jirani yetu aliyekuwa akinywesha akamtazama mama.

Kiongozi wa kundi alikuwa mzee mwembamba, mpole, na upole wake ulinichosha kuliko jeuri ambayo ingenirahisishia kazi. Alimsalimu mama, "Takwenya," salamu ya Kimaasai aliyojifunza njiani, na mama akajibu, "Iko," kwa heshima yote. Alisema alisoma kitabu cha yule msafiri akiwa mtoto mgonjwa kitandani na kwamba aliota kisima hiki maisha yake yote. Nilimtafsiria mama. Mama akasema pole kwa ule ugonjwa.

Kisha wakatoa furushi. Lilikuwa na kitambaa cha pamba, waya wa shaba uliokunjwa, na shanga za bluu kwenye mfuko. Mzee akalinyanyua kwa mikono miwili kama padri na sadaka, na mwenzao mwenye kamera ya video akasogea.

Yule kijana wa kampuni akaninong'oneza. "Hii ni ya kuigiza tu, madam. Wanataka kufanya vile ile safari ya kwanza ilifanyika. Mwambie mama ashike, avute hiyo kitambaa kwa kibao, tunamaliza. Usiweke maneno mingi."

Mama akanyoosha mkono. Niliona seng'enge imeshasimama. Lakini mkono wake ulisimama hewani, haukugusa furushi, nami nikakumbuka, kwa aibu kwamba nilihitaji kukumbuka, namna tunavyopokea kitu kisimani. Hakipokelewi kabla hakijatajwa ni cha nini. Ukimpa mtu kitu pale, unasema kwa sauti: hii ni ya kuomba siku moja ya maji, hii ni ya kushukuru, hii ni ya kufidia zamu niliyoivunja. Kikishatajwa mbele ya watu, hakiwi kitu kingine tena. Bila hivyo watu wangepigana kila kiangazi.

"Muulize ni ya nini," mama akaniambia kwa Kimaasai.

Nikamuuliza yule mzee. Akafurahi kuulizwa. Alikijua kitabu chake kwa moyo. Alieleza kwamba yule msafiri alipofika hapa, morani wenye mikuki walimzuia, akakaa kwenye jua kali na watu wake bila maji, mpaka alipotoa kitambaa, waya na shanga kwa wenyeji. Ndipo akaruhusiwa kunywa na kupita.

"Kwa hiyo hii ni ya nini?" nikarudia, kwa Kiingereza, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuona anakoelekea.

"Ya kupita," mzee akasema. "Ushuru wa kupita. Ndivyo alivyotoa."

"Alimlipa nani?"

"Wenyewe. Wenye kisima."

Nikageuka nikaitazama kamera vizuri kabisa, nikasema polepole, kwa ile sauti ya darasani. "Nieleze basi, mzee. Mtu akigundua kitu, anamlipa nani kwa kukiona?"

Kamera ilikuwa bado inaendelea, nilikiona kitaa chake chekundu. Yule mzee alilitazama lile furushi mikononi mwake. Niliona swali limemwingia, maana hakuwa mjinga. Ni vile tu alikuwa amekisoma kitabu hicho utoto wake wote bila kuona kwamba kwenye ukurasa uleule kulikuwa na watu.

"Madam, plis, usituharibie programu," kijana akasema, sasa kwa sauti. "Hawa ni wageni. Mwambie mama vizuri. Lainisha kidogo."

"Nitamwambia alichosema mgeni wenu," nikamjibu. "Neno kwa neno, hata moja nisiliache."

Nikamtafsiria mama yote: jua kali, kiu, mikuki, kitambaa, ushuru, wenyewe. Nilipomaliza, jirani yetu pale horini aliguna. Alikuwa amesikia, na waliokuwa naye wamesikia. Kitu kilikuwa kimetajwa kisimani, kwa mdomo wa mtoaji mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Hapo ndipo mama akalipokea furushi. Akalikagua taratibu, akampa binamu yangu aliyesimama nyuma yake alishike. Akaagiza maji yatekwe, safi, kutoka chini kabisa, na kila mgeni akapewa kikombe, mzee akiwa wa kwanza. Wakanywa. Hata fundi wa mawe akapewa. Sikujua kama nilichokuwa nacho ni hasira au furaha, pengine vyote viwili. Miaka yote niliyofundisha ile sura nilikuwa nikigombana na kitabu cha Mzungu, nikitafuta chetu cha kukipinga nacho, kumbe cha kukipinga kilikuwa ndani yake.

Kijana wa kampuni hakuwa amekata tamaa. Alikwenda akasimama kando ya jiwe, akashika ncha ya kile kitambaa chekundu, akamtazama mama kwa tabasamu la mauzo.

"Na kibao, mama?"

Mama alifuta mikono kwenye shuka lake. Hakuwa na haraka. Alimtazama yule mzee, si yule kijana, maana ndiye aliyekuwa mkubwa mwenzake, na akazungumza bila kupandisha sauti.

"Mwambie tumepokea yake ya kupita, na ni nzuri," akasema. "Amekunywa. Sasa apite nacho."

Nikatafsiri hivyo hivyo, sikulainisha. Mzee akaweka kikombe chini, akakibeba kibao mwenyewe, nacho kilikuwa kizito, mpaka kwenye gari.