Kiti Alichokalia Mama Mkwe

Mjinga gani hung'oa kiti cha abiria garini ili jiko lipate nafasi? Mimi. Muuza sufuria, nakaa barabarani miezi mizima, na nimelitangazia soko zima la Bwera kwamba kigari changu ni nyumba kamili: nguo kwenye droo, vyombo kwenye rafu, kitanda kinakunjwa kinakuwa kiti.

Juzi mama mkwe akaomba lifti kwenda Kasese. Kwetu mama mkwe hagusi kitanda cha mkwewe, afadhali atembee. Kumnyima lifti ni aibu, kumwambia ukweli ni aibu zaidi. Nikatandika kitambaa cha maua. "Keti, mama. Ni kiti tu."

Akaketi, akaniombea baraka njia nzima.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari akakishuku kile kiti. "Fungua! Chini iko nini?"

"Afande, ni kiti tu."

Akavuta mwenyewe kamba iliyoshikilia egemeo. Egemeo likalala, mama mkwe akalala nalo chali, kichwa juu ya mto niliouficha nyuma yake.

Askari akaangua kicheko. Mama mkwe akanitazama kutoka kitandani mwangu.

"Mukwe, hii kiti yako iko na muto?"