Gregori Hakosagi Kazini

Kwenye kiwanda cha mikate cha Tabata, ambacho kwa kweli ni nyumba ya vyumba vitano iliyobomolewa kuta za ndani, afisa utumishi ni Eliaichi, mwanamke mwenye cheti cha utumishi na sauti ya kuongoza kwaya. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuandika likizo, kugawa sare na kuamua ugomvi wa nani kala mikate iliyoungua. Alikuwa na amani yake.

Amani iliisha siku bosi wake, Augustine, alipohudhuria semina ya wenye viwanda kwenye hoteli moja ya ufukweni Kunduchi. Alirudi na begi la bure, mafua ya kiyoyozi na misemo miwili mipya: kiwango cha utoro, na matumizi ya muda wa kazi.

"Eliaichi, nataka utoro wa kila mtu kwa asilimia. Anayeongoza anaondoka. Asiye na utoro kabisa namtangaza mfanyakazi bora, picha yake ukutani."

"Na wako, bosi, niuweke?"

Augustine alicheka peke yake. Bosi hahesabiwi. Ni kama Mungu, asipoonekana mnaambiwa yupo.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Unachukua siku ambazo mtu alipaswa kuwa kazini, ukishatoa likizo, sikukuu na ofu zake za kila wiki. Siku alizokosa unazigawa kwa hizo, unazidisha kwa mia. Jovina, mkuu wa tanuri, alipaswa kuja siku ishirini na sita, akakosa nne, zote Jumatatu: asilimia kumi na tano na ushee. Hakuna aliyemkaribia. Gregori wa ghala la unga alipata sifuri. Hata siku ile mvua ilipofunga barabara zote, alifika kalowa chapachapa, wa kwanza.

Eliaichi aliitazama sifuri ile akaweka kalamu chini. Kila mtu pale alijua kwamba Jovina akiwepo, mikate inatoka. Gregori akiwepo, yupo.

Akarudi kwa bosi. "Semina ilikufundisha vitu viwili, tumepima kimoja. Nipe wiki."

Wiki nzima akawa anazunguka kiwandani kila baada ya nusu saa, anaangalia nani anafanya nini. Jovina hata chai aliinywa mkono mmoja ukiwa kwenye trei. Gregori alikutwa amelala juu ya magunia, mdomo wazi, unga umemjaa usoni kama mzimu aliyechoka. Mara ya pili yuko kwenye simu anagombania penalti. Kati ya saa nane za zamu, saa za kazi zilikuwa moja na nusu. Asilimia ishirini haikufika.

"Kaka Gregori, mbona hufanyi kazi?"

"Nafanya, dada. Nipo."

"Kuwepo siyo kazi."

Gregori akaketi, akajikung'uta unga. "Dada, we hujaishi na mama mkwe wangu. Alikuja kutoka Masasi kutibiwa macho, wiki mbili tu. Huu mwaka wa tatu. Macho yalishapona, sasa anaona kila kitu. Mie hapa ndo napumzika. Nikikosa kazini, niende wapi?"

Eliaichi alitaka kukasirika, akashindwa. Mawifi zake mwenyewe walikuwa wametangaza kuja Krismasi. Akaenda kwa Jovina.

"Na wewe, kila Jumatatu malaria?"

"Da Eliai, Jumapili jioni mie nakuwaga MC wa kitchen party, huko hadi Boko. Kuamka alfajiri naweza kweli? Hata Mungu alipumzika, na hakuchezaga singeli."

"Kwa hiyo malaria ulinidanganya."

"Ile ilikuwaga ya heshima. Ningekuandikia singeli?" Jovina akavuta trei. "Na wewe je, muda wako umeupima?"

Hakuwa ameupima. Alipoupima, alikuta barua za likizo hazijaandikwa na sare mpya bado ziko kwenye marobota, kwa sababu wiki nzima alikuwa akimvizia Gregori usingizini. Asilimia yake ilikuwa jirani kabisa na ya Gregori. Aliona aibu, lakini akaiweka kwenye ripoti. Alimjua Jovina: angeuliza mbele ya watu.

Augustine alisoma, akavua miwani. "Kwa hiyo nimfukuze anayekuja, nimpe picha asiyekuja?"

"Usimfukuze mtu. Ofu ya Jovina iko Alhamisi, ihamishie Jumatatu. Gregori mpeleke getini. Pale kinachotakiwa ni mtu awepo."

"Na muda wake tutaupimaje?"

"Akiwa macho, yuko kazini."

"Akilala?"

"Tutamnyima kiti."

Bosi akashusha kidole hadi chini ya karatasi. "Huyu wa pili kutoka mwisho ni wewe?"

"Hiyo ni semina yako, bosi."

Mwezi uliofuata utoro wa Jovina ulikuwa sifuri. Hakuwa amebadilisha chochote. Jumatatu aliendelea kulala hadi saa sita, ila sasa kwa mujibu wa sheria. Augustine aliamini ni vitisho vyake vilivyomnyoosha, akawa anawasimulia wenye viwanda wenzake, na Eliaichi akamwacha aamini hivyo, kwani kumsahihisha kungezaa ripoti nyingine.

Getini Gregori alikuwa hodari kuliko walivyotegemea. Aliyajua majina ya madereva wote, akawagombeza kwa sauti ambayo bila shaka alijifunza nyumbani. Baada ya miezi miwili akaja ofisini anachechemea, kofia mkononi.

"Dada, naomba siku moja nikae nyumbani. Miguu imekufa."

"Nyumbani kwako? Una uhakika?"

Gregori akafikiri kidogo, akaegemea mlango. "Miguu inauma kuliko maneno, dada."

Eliaichi akampa siku mbili.