Stoo Iliyotoa Jasho

Wiki jana nilishuka ngazi za jumba jipya la wageni hapa Lodwar. Mwenye jengo ameamua kuwa na chumba chini ya ardhi cha kuhifadhia vyakula na vinywaji. Kabla sijafika ngazi ya mwisho, harufu ilinipokea: simiti iliyolowa, gunia bichi, ukungu. Msimamizi wa ujenzi, kijana mwenye simu mbili mkononi, alinionyesha ukuta uliokuwa ukichuruzika akasema, "Fundi, hapa ni kupaka rangi tu. Rangi nzito, tumalize."

Rafiki yangu, damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimfokea kijana wa watu kupita kiasi. Nikamwambia achimbe nje ya ukuta mpaka chini ya msingi, la sivyo atafute fundi mwingine. Kisha nikatoka juani nikaketi juu ya rundo la kokoto. Mimi ni mwanamke mtu mzima, na riziki yangu ni kuzuia maji yasiingie kwenye majengo. Lakini mtu akinitajia rangi kama dawa ya ukuta unaovuja, bado natamani kuvunja kitu.

Acha nikueleze kwa nini.

Nilisoma shule ya msingi kando ya Kawalase, ule mto wetu wa mchanga ambamo mbuzi na watu hupita mwaka mzima, na maji hupita siku chache tu. Mama alikuwa mpishi wa shule. Jiko lake lilikuwa kibanda cha mabati, na sufuria zake mbili zilikuwa kubwa kiasi kwamba ningeweza kujificha ndani ya moja na kufunikwa. Asubuhi tulisikia kuni za mathenge, ule mti wa miiba, zikipasuka motoni. Ikifika saa nne, harufu ya githeri, mahindi na maharagwe, inaingia darasani, mwiko unakwangua sufuria, na hapo mwalimu anaongea na ubao peke yake. Wengi wetu hatukuwa na chakula kingine siku hiyo. Jioni tuliokota makoma, matunda magumu ya mikoma, kule kwenye mto Turkwel, tukatafuna mpaka fizi zikauma. Usituhurumie. Tulikuwa watoto wenye kelele na furaha.

Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa mchimbaji wa visima vya mchangani. Kiangazi kikikaza, yeye na wanawake wenzake waliingia Kawalase na mabakuli, wakachota mchanga huku wakiimba mpaka shimo likapita kichwa cha mtu, na chini kabisa maji yakaanza kujikusanya. Hakuwa na kipimo chochote. Aliweka kiganja juu ya mchanga, akasema hapa, au akasema twendeni mbele.

Shida yetu ilikuwa stoo. Mahindi na maharagwe yalikaa kwenye chumba cha mabati, joto likayaharibu, wadudu wakayatoboa, na mara mbili wezi walikata bati. Basi wafadhili wakaahidi stoo mpya ya kisasa, nayo ichimbwe chini ya ardhi ili iwe na ubaridi na iwe salama. Akaja mkandarasi kutoka mbali, amevaa kofia ngumu ya manjano. Akachagua mahali nyuma ya jiko, upande wa mtoni, kwa sababu udongo wa pale ulikuwa laini kuchimba.

Siku ya tatu ya kuchimba, nyanya alipita na mtungi wake. Akasimama ukingoni, akainama, akachukua konzi ya mchanga uliotolewa shimoni. Ulikuwa mweusi na baridi. Nilikuwa nimesimama karibu naye.

"Ejok," alimsalimu mkandarasi. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kuokotea sokoni: "Wewe nachimba kisima. Hii si nyumba. Hapa watu nakunywa."

Mkandarasi alicheka na wenzake. "Shosho, enda utafute kivuli. Hii ni kazi ya wasomi."

Leo ninajua alichopaswa kufanya, ndiyo maana hasira yangu haijapoa. Alipaswa kupaka lami upande wa nje wa ukuta kabla ya kurudishia udongo. Alipaswa kutandika nailoni nzito chini ya sakafu, na kuzungusha mtaro wa kokoto wa kuyapeleka maji kando. Na zaidi ya yote, alipaswa kuziba vizuri pale sakafu inapokutana na ukuta, maana hapo ndipo maji hupenda kuingilia. Hakufanya hata moja. Alijenga matofali, akapiga plasta ndani, akarudishia mchanga ule ule wenye unyevu, akaondoka.

Mwaka wa kwanza tuliipenda stoo ile kama nini! Nje jua linapasua mawe, ndani kuna ubaridi wa ajabu. Watoto tuligombania kumsaidia mama kupandisha debe la mahindi, tupate tu kuegemeza shavu ukutani. Rafiki yangu mkubwa, msichana niliyeketi naye dawati moja, alisema siku atakayojenga nyumba ataijenga yote chini ya ardhi.

Kisha mvua ikanyesha milimani, mbali na sisi. Anga la Lodwar likiwa jeupe, Kawalase ikashuka imejaa, ya kahawia, imebeba magogo. Siku chache baadaye mama alitoka stoo akijifuta mkono kwenye leso. "Ukuta unatoa jasho," alisema.

Alimweleza mwalimu mkuu. Mkandarasi akaja, akatazama, akaleta rangi ya mafuta ya kung'aa. Akapaka ukuta wote kwa ndani. Ulipendeza. Baada ya wiki mbili rangi ilivimba malengelenge, nyuma yake chumvi nyeupe ikajitokeza kama unga, ikawa inaporomoka juu ya magunia. Mama akaripoti tena, akaambiwa asubiri. Kila asubuhi kabla ya gwaride nilimkuta amepiga magoti anakausha sakafu kwa matambara, magunia ameyainua juu ya mawe na mbao alizookota mwenyewe.

Mafuriko ya pili yalipokuja, maji yaliingia kwa chini, pale kwenye pembe ya sakafu na ukuta. Magunia ya chini yakashika ukungu wa kijani. Mama akakataa kuyapika.

"Osha vizuri, chemsha sana," mwalimu mkuu alimwambia mlangoni pa jiko. "Moto unaua kila kitu."

"Mwalimu, mimi hii siwezi kupikia hata mbuzi."

Siku mbili sufuria zilikaa tupu. Sikiliza, unajua watoto mia kadhaa wenye njaa wanavyokuwa kimya? Mchana wa pili wadogo walikuwa wamelala kivulini kando ya jiko, hawachezi. Siku ya tatu mama alipanda juu ya magunia, akachagua yale ya juu kabisa yaliyoonekana mazima, akayapepeta, akanusa, akapika.

Jioni hiyo watoto walianza kutapika. Mimi mwenyewe nilitapika. Rafiki yangu wa dawati alibebwa hospitalini hajitambui, akalazwa siku nyingi. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini baba yake alikuja, akamchukua kutoka wodini, akasema shule hulisha watoto sumu, akaenda naye kwa mifugo yao huko Lokiriama. Sikumwona tena. Alikuwa anatushinda sote hesabu.

Kukaitwa mkutano darasani. Wazazi walisimama nyuma, wakubwa waliketi mbele, na sisi watoto tukachungulia madirishani. Mkandarasi alikuwepo, na kofia yake. Akasimama akasema, bila aibu yoyote, "Ukuta wangu ni mzima. Shida ni huyu mpishi. Anaoshea sufuria ndani, anamwaga maji sakafuni. Unyevu ni wa uzembe wake."

Mama alimgeukia mwalimu mkuu. Huyo ndiye aliyepokea taarifa zake zote, ndiye aliyemwambia asubiri, ndiye aliyemwambia aoshe na achemshe. Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake.

Nyanya akainuka. Alisema kwa Kiturkana, polepole, maneno yaliyonyooka: kwamba alionya tangu siku ya kuchimba, kwamba binti yake hajamwaga maji, maji yametoka mtoni, na yeyote anayebisha ashuke sasa hivi aone yanaingilia wapi. Wazazi wakaitikia kwa sauti. Hakuna aliyeshuka. Kumbukumbu za mkutano ziliandikwa kwa Kiingereza. Nilipokuwa mkubwa nilifanikiwa kuziona. Maneno ya mkandarasi yamo, ya mwalimu yamo. Ya nyanya hayamo hata mstari mmoja. Mwisho wake wameandika kwamba mpishi ameachishwa kazi kwa uzembe.

Kesho yake alfajiri mama aliniamsha, akanipa karai. Nikadhani tunahama. Kumbe tulikuwa tunaelekea shuleni. Nyanya alikuwa ametangulia na wanawake wanane wa visimani.

"Mama, wamekufukuza!" nilimwambia. Nilikuwa nalia kwa hasira.

"Wamenifukuza mimi," alisema. "Watoto watakula wapi?"

Walichimba nje ya ukuta, upande wa mtoni, wakashuka hata chini ya sakafu. Siku nne. Walichimba kama walivyochimba visima, wakiimba, mchanga ukipanda kwa mabakuli. Maji yalipochipuka, nyanya aliyafungulia mtaro wa kuteremkia bondeni, nasi tukabeba kokoto kutoka Kawalase kujaza mtaro. Mwalimu mkuu alipita akaona, akapita tena. Hakutukataza. Hakutusaidia. Siku ya sita ukuta wa ndani ulianza kukauka.

Unajua kilichofuata? Mkandarasi alirudi akapiga plasta mpya juu ya ukuta mkavu, akapigwa picha mbele ya mlango. Kwenye gwaride mwalimu mkuu alimshukuru kwa kazi nzuri, akatuambia tupige makofi. Watoto wakapiga. Mimi niliweka mikono mgongoni, nikachapwa.

Tukahamia Kakuma, mama akafungua kibanda cha chai na maandazi karibu na kambi ya wakimbizi. Jirani yetu alikuwa fundi mwashi, mzee mkimbizi kutoka Kongo, mtu mpole. Siku moja nilimsimulia habari za stoo. Aliacha kula andazi lake.

"Mayi haiogopake rangi, binti yangu," alisema. "Inatafutaka njia tu. Unaipatia njia, inaenda. Ile bamama walifanya, ni vile tu wanatufundishaka sisi." Nikamwomba anifundishe. Alinifundisha lami, mchanganyiko wa plasta isiyopitisha maji, jinsi ya kuziba maungio. Nilijifunza kwa hasira, kwa haraka.

Miaka ikapita. Siku moja mwalimu mkuu alishuka kibandani kwetu akiwa safarini, mvi kichwani, amestaafu. Akamtambua mama, akaagiza chai. Mama akammiminia.

"Mama," akasema, "ile siku ya mkutano, nilijua si wewe."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Mama alinyoosha mkono, akachukua kikombe kilichokuwa bado nusu, akamwaga chai mchangani. "Safari njema, mwalimu," akasema. Mzee akainuka akaenda. Mama aliosha kikombe kile mara tatu.

Nyanya alizikwa, mama naye. Wale wanawake wanane nimebaki nikiwataja kwa wajukuu wao. Siku hizi kuna mifereji ya maji ya bomba mitaani, na wasichana hawaingii tena Kawalase na bakuli, jambo ambalo ni jema, siwezi kulilalamikia. Lakini wimbo wa kuchimbia sijausikia tena popote, na mimi mwenyewe nakumbuka beti mbili tu. Stoo ilijazwa kifusi, juu yake wamejenga ofisi. Nilikwenda kuuliza, na karani mpole aliniambia hajawahi kusikia kwamba hapo palikuwa na chumba chini.

Watu wa kanisani huniambia nisamehe, hasira itanila. Ninawasikiliza. Nimetafuta moyoni mtu wa kumsamehe, na naona kila mmoja alisema alichosema akaenda zake. Yule mwalimu alishuka kibandani akanywa chai ya mama, akamwambia kwamba alijua. Hata yeye hakuomba msamaha.