Kromatini kwenye Sanduku la Shangazi

Sisi Wahaya tukisoma, haki ya Mungu, tunasumbua. Wenzetu wanatuita nshomile, msomi anayetaka kila mtu ajue amesoma, na mimi jina hilo linanikaa barabara. Nafundisha chuo kikuu mambo ya seli.

Juzi nilikwenda kijijini kwetu Buganguzi kwa sababu shangazi, aliyenilea, alikuwa na uvimbe kwenye titi na hospitali haendi, eti anangoja. Anangoja nini? Ushamba tu, nikajiambia. Kazi yangu ilikuwa moja: nimpeleke hospitali mjini Bukoba siku ileile. Ila sebuleni nikamkuta baba mdogo, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hata kuchemsha maji anaanza na nadharia. Tukiwa tunatafuna akamwani, zile kahawa kavu za kumkaribishia mgeni, akaniuliza, "Wewe msomi, hiyo saratani hasa ni nini?"

Ee, nani alimtuma! Nikavuta sanduku la bati la nguo za shangazi katikati ya sebule, nikalifungua bila hata kumwomba.

"Vinasaba," nikasema, "viko kwenye uzi mrefu sana, uliokunjwa pamoja na protini ukatosha ndani ya seli. Uzi na protini zake ndiyo kromatini. Chukulia ni nguo hizi. Seli shina, ile ambayo haijaamua iwe ngozi au damu, nguo zake nyingi ziko wazi, inaweza kuvaa yoyote. Ikikomaa inabakiza juu za kazi yake, nyingine inazikunja chini kabisa. Kwenye saratani mkunjo unavurugika. Seli ya mtu mzima inafukua nguo za utotoni, inazivaa, inakua ovyo, haisikii la mtu."

Baba mdogo akabisha. Nikambishia. Akataka kujua nani anayekunja. Nikamtajia vimeng'enya vinne, kwa Kiingereza, nikajisikia raha mno. Chai ikapoa. Gari la Bukoba likapiga honi barabarani, likaondoka. Shangazi alikuwa ameketi palepale, mkono kifuani.

Ili nimnyamazishe yule mzee, nikafukua hadi chini ya sanduku kumwonyesha hizo nguo za utotoni. Nikaibuka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Imechorwa seli na nyuzi zake, na mwandiko ni wangu! Nikakumbuka. Krismasi iliyopita mimi na baba mdogo tulibishana hapahapa, nikaomba karatasi, shangazi akanipa hiyo.

Nikaigeuza. Ilikuwa barua ya daktari wa kituo cha afya cha pale kijijini: mama huyu apelekwe mjini haraka, uvimbe ukapimwe.

Hata hivyo mdomo haukuacha ukali wake. "Shangazi, barua kama hii unaificha?"

"Waitu, mwanangu, nilikupa usome," akasema taratibu. "Ukaigeuza, ukachora, ukanirudishia. Nikasema huyu ameshasoma, kama ni hatari ataniambia. Ndilo ninalongoja."