Mwanamke Asiye na Mzigo

Mtu akitaka kunikasirisha mpaka leo, aniulize tu nilikwenda Nchelenge kuuza nini.

Sikuuza kitu. Sikununua kitu. Sikumzika mtu. Nilikwenda kutembea, nikiwa na miaka arobaini na sita, peke yangu, na sanduku lenye magurudumu ambayo hayakufaa kitu kwenye mchanga. Natoka Kilwa, hii ya kwetu Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru, siyo ile ya pwani ambayo watu wakisikia jina wanadhani naishi kwenye magofu. Nina mkahawa wa meza tano. Kwa miaka ishirini na moja nimewapikia samaki na bukari, ugali wa kwetu, wafanyabiashara wanaotoka Zambia. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye kicheko, ndiye aliyenisimulia siku moja, akichambua miiba, kwamba kwao Nchelenge kuna loji ambayo viti vyake vimepangwa kuelekea maji.

"Batu banafanya nini pale?" nikamwuliza.

"Banaikala tu, mama. Banaangalia maji. Banabaletea chakula."

Nilicheka naye, nikarudi jikoni, lakini sikusahau. Ziwa nalijua, nimeosha ndani yake sufuria za maisha yangu yote. Kukaa mbele yake mikono mitupu, nikingoja kuletewa sahani, hilo sikuwahi.

Nilipomwambia mume wangu, akauliza nani amekufa. Dada yake akauliza ninaficha ugonjwa gani. Mchungaji wetu akaja nyumbani kuniombea. Kuniombea! Kama mtu aliyepagawa, kwa sababu tu nilitaka siku nne zangu mwenyewe. Niliwaacha wakifumba macho, nikaenda kukata passport Lubumbashi, passport kamili, siyo ile karatasi ya kuvukia ya wachuuzi. Nilitaka muhuri. Nilitaka iandikwe mahali kwamba mimi, mara moja maishani, nilikuwa mgeni.

Ufukweni Nchelenge kulikuwa na ofisi ya chumba kimoja, yenye meza moja, ofisa mmoja na utaratibu wake. Hakumsikiliza mtu kabla ya kumtazama alichobeba. Mwenye magunia alielekezwa kushoto, kwenye kitabu cha biashara. Mwenye kitambaa cha msiba kichwani aliambiwa pole na kupitishwa. Asiye na mzigo alionyeshwa benchi la ukutani, angoje lori la kambi ya wakimbizi. Sikatai kwamba utaratibu huo una akili yake. Tangu vita vya upande wetu viwamwage watu mpaka wakajaa kambi ya Kenani, watu wa pale wamejua kwamba mwanamke anayeshuka kwenye boti bila gunia hakuja kwa kupenda.

"Mama, muzigo yako iko wapi?"

"Sina muzigo."

"Bwana yako?"

"Eko Kilwa."

"Batoto?"

"Beko na baba yabo."

Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniwasha moto. "Basi umekimbia weye moja. Pole sana."

"Sikukimbia. Minakuya kutembea."

"Kutembea kwa nani?"

"Kwa mutu hapana. Kutembea tu."

Aliinua kalamu, akaishusha. Kitabu chake hakikuwa na safu ya jambo hilo. "Enda uikale na benzako," akasema. "Lori itakuya."

Kwenye benchi alikuwapo mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye mtoto mgongoni, amevaa magauni matatu moja juu ya jingine, maana ndivyo mtu anavyobeba nguo zake akiondoka mbio. Alijibana ili nipate nafasi. "Ikala, dada," akaniambia kwa sauti ya chini. "Utazoea."

Utazoea! Niligeuka, nikapaza sauti mpaka wachuuzi wakaacha kufunga magunia yao: "Mi siko mukimbizi! Musiniweke pamoja na ba hawa!"

Yule mwanamke alivuta gauni lake la juu ili lisiguse sanduku langu. Nimekosea mengi maishani, lakini hilo ndilo ninalolikumbuka nikiwa nachambua mboga, na mkono wangu husimama. Alinipa nusu ya nafasi yake naye hakuwa na kingine cha kutoa. Nilipaswa kuomba msamaha palepale. Sikuomba, hasira ilikuwa imenijaa.

Nilirudi mezani, nikafungua sanduku mbele ya ofisa. Nikatoa magauni yaliyopigwa pasi, poda, na viatu vya kisigino nilivyovinunua kwa safari hiyo.

"Nani anakimbia vita na hivi?"

Hakushtuka. "Mama, batu banakimbia na bintu ya ajabu. Muzee moja alikuya na mulango."

"Mulango?"

"Mulango ya nyumba yake. Na funguo."

Mlango wa mzee nikauacha. Nikampa passport. Akaipekua karatasi kwa karatasi, zote nyeupe, kisha akasema ni mpya mno, na kwamba siku hizi hata wanaokimbia wanakata passport kwanza. Nilimwuliza ofisa, mwanamke wa Kongo afanye nini ili aaminike kwamba amejitembelea tu. Nilimwuliza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa ambacho hakukijua, kisha kwa yale maneno machache ya Kibemba niliyojifunza kwa wateja wangu, ambayo karibu yote yanahusu samaki.

Lori likaja. Nikakataa kupanda. Nikalilaza sanduku langu kwenye mlango wa ofisi, nikalikalia, nikaapa kwamba atakayetaka kupita apite juu yangu. Yule mwanamke wa magauni matatu alipandishwa, mtoto akapokelewa na watu waliokuwa ndani. Kabla lori halijaondoka aliniita: "Utembee muzuri, madame." Nilimchunguza uso nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki.

Jua lilipoanza kupunguza ukali, ofisa akachoka. Alikuwa hajala, kwa kuwa mlango ulikuwa wangu. Akachukua kalamu, akaandika, akanigeuzia kitabu nione. Alikuwa ameandika biashara.

"Futa."

"Mama, nakusaidia."

"Futa. Andika kutembea."

Alifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo, akaandika kutembea, akagonga muhuri. Siku nne. Sikumshukuru.

Loji ilikuwapo kweli, na viti vilikuwapo kweli, vinne vya plastiki, kimoja kimefungwa mguu kwa waya. Mwenye loji, mwanamke wa rika langu, aliniona nikiburuta sanduku akaanza kutikisa kichwa kabla sijafika. "Bamayo, kazi haiko," akasema, akiniita mama kwa heshima ya Kibemba huku akinifukuza. Nilimwekea passport wazi mbele ya macho kwenye ukurasa wa muhuri. Akasoma, akaninyooshea ufunguo, na alikuwa na haya.

Nikavaa viatu vya kisigino. Nikakaa. Maji yalikuwa maji yaleyale, ya kijivu kidogo, na mitumbwi ya kisiwa cha Chisenga ikirudi na samaki. Hasira ilikuwa bado haijanitoka, lakini nilikuwa nimekaa.

Haikupita saa moja, mwenye loji akaja akijifuta mikono kwenye kitenge. Mpishi wake alikuwa amekwenda kwenye msiba na wageni sita walikuwa njiani. "Bamayo, weye unatoka Kilwa, unajua samaki. Unisaidieko kidogo tu."

Na miguu yangu ikasimama. Yenyewe! Sikuiamuru. Mkono wa kulia ulikuwa tayari unakunja mkono wa kushoto wa gauni. Sijawahi kuuchukia mwili wangu kama dakika ile, mwili unaoitikia wito wa jiko kama mbuzi anayejua njia ya zizini.

Nikakaa tena. "Hapana," nikasema, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Mi niko mugeni."

Alijifuta tena mikono, akaondoka. Niliwaza kwamba nitalala njaa, na kwamba nitalala njaa nikiwa nimekaa.

Alirudi na sinia. Samaki, bukari, mboga. Aliiweka kwenye meza ndogo, kisha akapiga magoti mchangani kama wanawake wa kwao wanavyompigia mgeni, akashika jagi na beseni, akanyoosha beseni chini ya mikono yangu. "Mwaiseni, bamayo," akasema. Karibu.

Nimewamiminia watu maji ya kunawa tangu niolewe. Wachuuzi, wakwe, mchungaji, mume wangu kila siku ya Mungu. Sikujua hata mikono inawekwaje. Niliikusanya, nikaitawanya, nikaikusanya tena, na yeye akangoja. Nikaanza kulia, na mtu asidhani nililia kwa furaha. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Alikuwa ameyapasha moto kwa ajili yangu, na ilinibidi nivuke ziwa zima na kugombana kutwa ndipo mtu anifanyie hivyo.